Kivuli cha Shimoni

Kwenye maonyesho yale ya mashambani umati wote ulikuwa kwenye msumeno duara unaozungushwa na injini ya mvuke. Nawaelewa. Mkanda unapiga makofi, kigari kinasukuma gogo, mabanzi yanaanguka pembeni. Mimi nilikwenda kwenye zana za zamani: mashoka, kulabu za kugeuzia magogo, na shimo la kupasulia mbao, ambapo gogo hulazwa juu ya shimo na watu wawili hupasua kwa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni. Jua lilikuwa kali na shimoni kulikuwa na kivuli. Mzee aliyesimama juu ya gogo hakuwahi kumaliza kuuliza nani atamshikia chini, nilisharuka ndani.

Wa juu hufuata mstari uliopigwa kwa uzi na kuinua msumeno. Meno yake yanatazama chini, kwa hiyo hukata unaposhuka tu. Wa kuushusha ni nani? Mwenye kivuli. Ukipanda, wa chini hausukumi, anausindikiza tu, maana bapa ni refu na jembamba, ukilisukuma linapinda. Na unga wote wa mbao hufuata msumeno kwenda chini.

"Usitazame juu, mwanangu," mzee akaniambia.

Nikatazama juu kumwuliza kwa nini.

Nilipomaliza kutema, tukawa tumefika kwenye boriti iliyobeba gogo. Hapo mpini wa chini lazima utoke. Ni kipande cha mti chenye mwanya, huchomekwa kwenye ncha ya bapa na kukazwa kwa kabari. Unaitoa kabari, unauchomoa mpini, mzee anavuta msumeno juu, gogo linasogezwa kuvuka boriti, msumeno unarudi. Kisha unarudisha mpini na kuigonga kabari kwa nyundo ya mti, mara mbili tatu, mpaka ilie kavu. Ikilia bubu, bado.

Nyundo ilikuwa juu. Ngazi niliiona ndefu. Nikaikandamiza kabari kwa kiganja, nikaipa na kofi moja la heshima.

Sasa, bapa la msumeno wa shimo ni pana juu na hupungua likishuka. Mpini uliolegea ukivutwa chini unateleza kuelekea kwembamba, na hakuna cha kuuzuia. Mvuto wa kwanza ulishika. Wa pili pia. Kwenye wa tatu watoto walikuwa wanachungulia ukingoni, nikaona niwaonyeshe kazi: nikavuta kwa mwili mzima. Tukaondoka pamoja, mimi, mpini na kabari, matako yakitangulia, mpaka kwenye lundo la unga.

Huko juu mzee aliinua msumeno, akauona mwepesi ajabu.

"Hapo sasa!" akasema. "Umeushika mwendo!"

Akainua tena, akashusha, akasifu tena. Watoto ndio waliomwonyesha kwa vidole. Akainama, akanitazama nilivyokaa nimekumbatia mpini, mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Hakusema kitu. Aliichukua nyundo, akaifunga kamba, akaniteremshia taratibu.