Wajumbe wa Africville na kazi isiyo na posho

Huku kwetu mtu akiteuliwa kwenye bodi, pongezi huja pamoja na swali la pembeni: posho ya kikao ni shilingi ngapi? Simcheki mtu, vikao vyetu tunavijua. Lakini kwa mazoea hayo hayo, nilipoanza kusoma habari za Africville, kule Halifax nchini Kanada, macho yangu yalitua kwa watu ambao wageni wengi hawawaulizii: wajumbe wa bodi ya Africville Heritage Trust, wanaotunza urithi wa kijiji kilichobomolewa, na wanaifanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Kwa asiyekijua kijiji hicho, kilikuwa makazi ya Weusi kwenye ufuko wa ghuba ya Bedford Basin, ukingoni mwa jiji. Hati za kwanza za viwanja ni za mwaka 1848, na mwaka uliofuata wakaanzisha kanisa lao. Kodi walilipa. Maji ya bomba, mifereji ya maji taka na barabara ya lami hawakuvipata. Walicholetewa ni gereza, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, reli iliyokata katikati ya makazi, na kufikia miaka ya 1950, dampo la jiji zima. Baada ya hapo jiji hilo hilo likasema pale ni pachafu, hapafai kuishi binadamu. Kati ya 1964 na 1970 watu wapatao 400 waliondolewa, wengine wakihamishwa na vyombo vyao juu ya malori ya taka. Asiyekuwa na hati ya kiwanja alipewa dola 500. Kanisa lilivunjwa usiku, Novemba 1967. Eneo likafanywa bustani ya umma, na kwa miaka kadhaa sehemu yake ilikuwa mahali pa watu kufungulia mbwa wao wakimbie.

Mwaka 1983 wanawake watatu waliokulia pale waliunda chama cha wazawa, na tangu hapo familia zikawa zinakusanyika kila kiangazi palipokuwa nyumbani kwao. Mwaka 1996 serikali ya Kanada ikalitambua eneo hilo kuwa la kihistoria. Msamaha wenyewe ulichelewa hadi tarehe 24 Februari 2010, Meya Peter Kelly aliposimama na kuomba radhi kwa niaba ya jiji. Pamoja na maneno walipewa dola milioni 3, ardhi ya takriban hekta moja, na mpango wa kujenga upya kanisa kwa sura yake ya zamani, ndani yake liwe jumba la makumbusho. Fidia ya mtu mmoja mmoja haikuwemo.

Hapo ndipo ninapogombana na mpango mzima. Jiji lililobomoa lilitoa hundi, likapigiwa makofi, likarudi ofisini. Waliobomolewa na watoto wao wakaachiwa taasisi ya kuendesha, ndiyo hiyo Africville Heritage Trust: bima ya jengo, umeme, ukaguzi wa hesabu, maombi ya ruzuku ambayo fomu zake hazina mwisho, mkutano mkuu wa mwaka, mishahara ya wafanyakazi wachache. Mjumbe wa bodi ya taasisi ya namna hii anabeba dhamana ya kisheria kama mkurugenzi wa kampuni, tofauti ni kwamba mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ukiwa umekaa ukumbi wa jiji mzigo huu lazima uonekane mwepesi kweli.

Tena kuna jambo zito kuliko fedha. Mpango ule uliwahamishia wajumbe hasira ambazo hazikuwa zao. Wako wazawa waliotaka fidia ya familia moja moja na hawakutaka kusikia habari za makumbusho. Eddie Carvery alianza kupiga kambi pale pale mwaka 1970 kudai haki, na aliendelea kwa miongo. Mtu kama huyo analidai jiji. Lakini jiji likishasaini makubaliano, anayebaki karibu wa kulalamikiwa ni jirani yake, binamu yake, aliyekubali kukaa kwenye bodi. Mwaka 2011 bodi ilimwajiri mwanamke mzungu kuwa mkurugenzi wa taasisi, jamii ikaja juu, na baada ya muda mfupi mwanamke huyo akaondoka. Mimi nawaelewa waliokasirika, ningekasirika pia. Watu waliofukuzwa kwa sababu ya rangi yao walistahili kuona mmoja wao kwenye kiti kile. Ila katika kelele zote zile sikuona mtu akiuliza kwa nini taasisi changa kiasi kile iliachwa ijifunze kazi hadharani, bila jiji, lenye deni lenyewe, kusimama karibu.

Mwenyekiti wa bodi hiyo aliwahi kuwa Daurene Lewis, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa meya nchini Kanada, aliyeuongoza mji wa Annapolis Royal kuanzia 1984. Mtu wa uzito huo anaweza kumpigia simu waziri akapokelewa. Ni bahati kumpata. Lakini huwezi kujenga taasisi kwa kutegemea kwamba kila kizazi kitamtoa mtu wa aina yake, mwenye jina, muda na moyo, kwa bei ya sifuri.

Nitaambiwa posho huharibu watu, na nitaonyeshwa bodi za kwetu. Sawa. Bodi za kwetu zinaharibiwa na posho isiyoulizwa matokeo. Kujitolea nako kuna mchujo wake: anayeweza kutoa jioni zake bure ni mstaafu mwenye pensheni au mwenye ajira ya mshahara mzuri. Wengi wa waliotolewa Africville walikuwa na nyumba zao wenyewe, wakaishia kuwa wapangaji kwenye makazi ya umma kama Uniacke Square. Mjukuu wao anayefanya kazi zamu ya usiku, mwenye mtoto mdogo, atakaa bodi gani isiyolipa hata wa kumshikia mtoto? Anaachwa nje, kama bibi yake alivyotolewa nje.

Mwaka 2024 UNESCO iliingiza Africville kwenye mtandao wake wa maeneo ya kumbukumbu za utumwa na biashara ya watumwa, la kwanza kutoka Kanada. Heshima kubwa, na wageni, barua na vikao zaidi. Gharama za kuendesha jumba lile zilipaswa kuwa mstari wa kudumu katika bajeti ya Halifax, kama kuzoa theluji barabarani, na ndani ya mstari huo kuwe na posho ya wajumbe, nauli na malezi ya watoto wakati wa kikao. Wazawa wabaki na uamuzi wote, na jiji libaki na bili.