Daktari aliniuliza naonaje, nikakasirika

Leo asubuhi nimevaa glavu za sufu ili nitoe maziwa kwenye friji. Ni dawa hizo za saratani. Oksaliplatini ikishaingia mwilini, ukigusa kitu cha baridi vidole vinapigwa shoti kama umeshika waya ulio uchi. Lakini sikushtuka, maana niliambiwa. Kabla ya dripu ya kwanza nesi alinikalisha akanitajia moja moja: friji, kitasa cha mlango, maji ya bomba, hata soda baridi.

Hilo neno "niliambiwa" ndilo linaloninyima usingizi.

Saratani yangu ya utumbo mpana iligunduliwa kwa posta. Huku England, ukiwa na miaka 50 hadi 74, kila baada ya miaka 2 unaletewa bahasha yenye kichupa na kijiti. Unachokoa choo chako kidogo, unarudisha, stempu juu yao. Ya kwanza niliitupa. Mtu mzima mimi, nimtumie mtu kinyesi? Ya pili binti yangu aliiweka chooni, akasimama mlangoni kama askari. Ikaonekana damu ambayo macho hayaioni, nikapigwa kamera, nikapasuliwa. Hatua ya tatu, imeshafika kwenye tezi za limfu.

Baada ya upasuaji daktari akaniwekea mezani mambo mawili: kemo ya miezi 3 au ya miezi 6. Kwa saratani ya aina yangu, akasema, utafiti umeonyesha faida ya mitatu inaikaribia sana ile ya sita, na ganzi ya vidole na nyayo inakuwa ndogo zaidi. "Wewe unaonaje?" Nikamgeukia binti kwa Kiswahili: huyu kasoma kweli? Ananiuliza mimi, fundi wa mabasi? Wakanipa siku za kufikiri na namba ya nesi mmoja, yuleyule mwanzo hadi mwisho. Nilimpigia mara nne. Nikachagua mitatu, kwa kuwa spana nashika kwa vidole.

Sasa kaka yangu, Tanga. Damu chooni mwaka mzima, ikaitwa bawasiri. Akapaka, akanywa mizizi. Alipofikishwa Dar, daktari alimvuta mwanawe pembeni, mtoto akatupigia sisi, sisi tukaafikiana mzee asiambiwe, atakata tamaa. Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwenye simu ni mimi, kutoka huku huku. Akawekewa mfuko wa kutolea choo tumboni asijue kwa nini. Akaniuliza: "Mdogo wangu, hii bawasiri gani?" Nikamjibu, utapona tu kaka.

Najua, mmeshaanza. "Mzungu wetu huyo." "Huko mna mashine." Foleni huku zipo, tena za kukuzeesha. Na sijasema Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, hawajui kazi, wanaijua. Siongelei mashine mimi! Kumwambia mtu jina la ugonjwa wake kunataka mashine ipi? Ni shilingi ngapi?

Na wewe wa "utamaduni wetu", nakuona. Utamaduni wetu naujua: kaka hakulala peke yake hata usiku mmoja, uji wa moto alfajiri, shuka zimefuliwa, watu wanapokezana. Mimi nilirudi kutoka hospitali binti yuko zamu ya usiku, nikapasha supu ya kopo, nikainywa nimesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kunauma. Hapo Waingereza tunawaacha mbali na asinibishie mtu. Ila watu ishirini wamezunguka kitanda, wote wanajua isipokuwa mwenye kitanda?

Juzi nikaandika kwenye grupu la ukoo: kaka alikuwa nayo, mimi ninayo, sisi wa damu moja hatari yetu ni kubwa kuliko ya wengine, basi anayeona damu chooni asinunue dawa ya bawasiri kabla ya kupimwa, na wanetu wamwambie daktari habari hii hata kama hawaumwi. Nikataja neno saratani, nikataja na kinyesi.

Wamesoma 34. Kimya. Baada ya saa nzima shemeji akatuma kadi ya mchango wa sendofu.