Nani anunue klorini ya Kagunga?

Mei 2015, kijiji cha Kagunga kilichoko kaskazini mwa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi. Kijiji hicho kimebanwa kati ya mlima na maji, na wakati ule aliyetaka kukifikia alipanda boti. Kipindupindu kikazuka. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi huo, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, wagonjwa walikuwa wanakaribia 3,000 na waliofariki walikuwa 31, wakiwamo Watanzania wawili. Meli ya MV Liemba ilisomba watu, mamia kwa mamia, hadi Kigoma mjini, nao wakahifadhiwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Kila mjadala unapoibuka kuhusu nani asimamie milipuko ya magonjwa, Kagunga hutajwa kuwa ushahidi kwamba kazi hiyo ni ya Serikali Kuu. Wakimbizi ni suala la Wizara ya Mambo ya Ndani, mpaka ni wa Taifa, na misaada ya kimataifa haipitii mezani kwa mtendaji wa kata. Hoja hiyo ina uzito. Virusi vya Marburg vilipotangazwa Kagera Machi 2023, wagonjwa hawakuzidi 9, ingawa 6 kati yao walipoteza maisha, na mwanzoni mwa Juni mlipuko ulitangazwa kwisha. Bila maabara ya Taifa na wataalamu waliotumwa kutoka juu, hesabu ingekuwa nyingine. Hakuna halmashauri ambayo ingeweza kuagiza dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Uviko-19 tulizopokea Julai 2021. Zaidi ya hayo, Manispaa ya Kigoma Ujiji ikifunga mwalo wa Kibirizi huku Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma ikiacha mialo yake wazi, mitumbwi itahamia tu upande wa pili. Nchi yenye halmashauri 184 haiwezi kuwa na masharti 184 ya karantini. Na anayetilia shaka uadilifu wa halmashauri ana ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali za kumuunga mkono.

Pamoja na hayo, hoja hiyo huanza kuhesabu siku pale taarifa inapofika makao makuu. Kipindupindu kina kalenda yake. Dalili zinaweza kujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya mtu kunywa maji machafu, na mgonjwa aliyezidiwa asipotibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Katika muda huo Serikali iliyopo ni mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mganga wa zahanati na afisa afya wa kata, ambaye wengi bado wanamwita bwana afya na kumkumbuka kwa faini za vyoo. Karibu wote hao wako chini ya halmashauri. Wanaosema halmashauri haziwezi milipuko husahau kwamba ndizo zinazoanza kupambana nayo kila mara, zikiwa zimejiandaa au hazijajiandaa.

Nchi hii iliwahi kujaribu kuishi bila halmashauri, na hapa naomba msomaji avumilie historia kidogo. Kati ya mwaka 1972 na 1973 halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa, na kazi zake zikahamishiwa kwa maofisa wa Serikali Kuu mikoani na wilayani, chini ya mpango uliochorwa kwa msaada wa kampuni ya ushauri ya Kimarekani, McKinsey. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo kwa kweli lilisema kinyume cha kilichotendeka. Nia yake ilikuwa njema: maendeleo ya vijijini yaende kasi. Lakini miji haikuwa tena na mwenye kuulizwa kuhusu taka, mitaro na maji. Mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya alijibu kwa waliomteua. Kipindupindu kilipoingia katikati ya muongo ule, kilikuta uchafu usio na mwenyewe. Mwaka 1978 Serikali ikarejesha halmashauri za miji, na wanaoandika historia ya serikali za mitaa huutaja ugonjwa huo miongoni mwa sababu. Kwa hiyo wajibu wa kuzoa taka na kuzibua mitaro ulirudi kwa halmashauri baada ya watu kuzikwa, na wapenzi wa udhibiti wa juu wangepaswa kulieleza jambo hilo kwanza kabla ya kuileta Kagunga.

Tatizo la leo ni kwamba halmashauri zilirudi na wajibu wote huku mfuko ukiwa nusu. Zahanati ni ya halmashauri, lakini kibali cha kuajiri muuguzi hutoka Ofisi ya Rais, Utumishi, dawa hutoka Bohari ya Dawa, na kanda yenye biashara ndogo kama mwambao wetu haina mapato ya ndani ya kujivunia. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, matumizi hufuata mpango uliopitishwa miezi kadhaa kabla, na sijaona mpango uliojua tarehe ya mlipuko. Ajabu ni kwamba Serikali Kuu hiyo hiyo, ilipopata mkopo wa Uviko wa shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021, ilizitegemea halmashauri zisimamie ujenzi wa madarasa 15,000 kwa miezi michache, nayo yakajengwa. Kumbe uwezo zinao pale fedha inapofika ikiwa na idhini ya kutumika.

Kwa maoni yangu, maabara, mipaka, chanjo na kauli ya kutangaza mlipuko vibaki juu. Wilayani liwepo fungu dogo la dharura ambalo Mganga Mkuu wa Wilaya analifungua kwa saini yake na ya Mkurugenzi mara mgonjwa wa kwanza anaposhukiwa, bila kungoja majibu ya maabara, kisha anatoa hesabu ndani ya siku 30. Anayehofia wizi aandike orodha ya vinavyoruhusiwa kununuliwa: klorini, dripu, glavu, posho za wahudumu wa afya wa jamii, na mafuta ya boti. Mafuta hayo nayataja kwa makusudi, kwa sababu dripu inayopelekwa kwa maji kutoka Kigoma mjini haifiki Kagunga mpaka mtu ajaze tangi pale Kibirizi, na mwenye boti hudai fedha yake kabla ya kuwasha injini.