Kadi ya njano, karantini na msafiri wa Kusini

Sharti la kipimo cha saa 72 linamfaa mtu anayelala karibu na uwanja wa ndege. Wakati wa UVIKO-19 nchi nyingi zililidai, na saa zilianza kuhesabiwa pale sampuli inapochukuliwa puani, wala si cheti kinapotoka. Mweke msafiri wa Newala kwenye hesabu hiyo. Sampuli imechukuliwa Jumatatu saa 2 asubuhi. Majibu yakitoka Jumanne jioni, Jumatano yuko njiani: kilomita zipatazo 560 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ukiacha kipande cha kutoka Newala. Alhamisi saa 2 asubuhi muda umekwisha. Ndege ya Jumatano usiku anaiwahi kwa taabu, ya Alhamisi mchana haipandi. Tena baadhi ya nchi zilihesabu hadi kupanda ndege, nyingine hadi kutua, kwa hiyo saa chache za kusubiri ndege ya kuunganisha Addis Ababa ziliweza kukiua cheti kilichokuwa hai Dar. Mwenye uwezo alipima Dar na kulipia nyumba ya wageni. Asiye nao aliahirisha safari.

Hata hivyo, anayesema masharti yote yafutwe anakosea. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliibuka Kagera, mkoa unaopakana na nchi jirani. Waliougua walikuwa 9 na sita wakafariki, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuisha. Kazi kubwa iliyouzima ilikuwa kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliogusana nao kwa siku 21. Siku hizo zina sababu: kirusi cha Marburg huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili. Kwa UVIKO-19 ya mwanzo ilikuwa hadi siku 14, kwa homa ya manjano ni 6. Kipimo cha leo hakiwezi kuona maambukizi ya jana, na ndiyo maana karantini ipo. Mtwara, yenye bandari, uwanja wa ndege na mpaka mrefu wa mto Ruvuma, pamoja na Lindi jirani yake, zina kila sababu ya kutaka ukaguzi wa kweli.

Ubishi wangu uko kwenye namna masharti yanavyowekwa: msafiri apewe muda gani, nani alipe, na cheti cha nani kikubaliwe.

Homa ya manjano inaonyesha kwamba sharti gumu linaweza kutimizwa hata na mtu wa Liwale. Chanjo ni dozi moja. Cheti chake, ndiyo kadi ya njano, huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote ya mwenye nacho. Hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali, hivyo usikubali kuchomwa tena kwa sababu hiyo, na usijaribu kuisahihisha tarehe kwa kalamu. Kadi iliyofutwa au kurekebishwa inaweza kukataliwa. Kabla hujatoka chumba cha chanjo kagua mambo haya: jina liwe kama la pasipoti, herufi kwa herufi, namba ya toleo la chanjo iwepo, mhudumu awe ameweka saini yake kwa mkono, maana muhuri peke yake hautoshi, na wewe utie saini yako. Mtoto ana kadi yake, mzazi humtilia saini. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa. Mwenye mzio mkali wa mayai au kinga dhaifu aombe barua ya daktari kwa Kiingereza au Kifaransa, na aliyezidi miaka 60 azungumze na daktari kwanza.

Wengi huteleza kwenye njia ya safari. Tanzania imewekwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi zenye uwezekano mdogo wa maambukizi ya homa hiyo, kwa hiyo msafiri hudhani kadi haimhusu. Lakini Kenya, Uganda na Ethiopia zimo katika nchi zenye hatari, na nchi nyingi humhesabu aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa huko kuwa ametoka huko. Tanzania nayo humdai kadi anayerudi kwa njia hiyo. Angalia tiketi yako: kusubiri saa 14 Nairobi kunakuingiza kwenye sharti ambalo safari ya moja kwa moja isingekuletea.

Mahujaji wana lao. Saudia hudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga makundi manne ya bakteria wake (ACWY) angalau siku 10 kabla ya kufika. Hapa kosa la mstari mmoja linagharimu: aina moja ya chanjo hiyo inahesabiwa miaka 5, nyingine 3, na aina isipoandikwa kwenye cheti unahesabiwa 3. Aliyehiji miaka minne iliyopita na sasa anakwenda umra aisome kadi yake kabla ya kuiamini.

Karantini ndipo haki ilipokanyagwa zaidi. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, kifungu cha 40, zinasema msafiri asitozwe gharama ya kutengwa au karantini, isipokuwa anayeomba ukaazi. Machi 2020 Tanzania iliamuru wanaotoka nchi zilizoathirika wakae siku 14 kwa gharama zao. Uingereza ilifanya makubwa zaidi: Agosti 2021 siku 10 za hoteli kwa mtu mmoja zilipanda hadi pauni 2,285, zaidi ya shilingi milioni saba za wakati ule, na Tanzania ilikuwa bado kwenye orodha nyekundu. Serikali hujitetea kwamba fedha za umma hazitoshi kulaza kila msafiri hotelini. Hoja hiyo ina uzito. Basi kama haziwezi kulipa, ziruhusu karantini ya nyumbani yenye ufuatiliaji wa simu na mhudumu wa afya wa kata, kuliko kumlipisha mtu bei ya shamba la mikorosho.

Kutambuana vyeti kulikuwa na upendeleo pia. Sinopharm, chanjo ya UVIKO-19 ya China iliyotumika pia nchini, ilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani tangu Mei 2021. Marekani iliikubali, lakini mamlaka ya dawa ya Ulaya haikuwa imeiidhinisha. Kisha Novemba 2021 Afrika Kusini ikatangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, na Marekani ikafunga mlango kwa nchi nane za kusini mwa Afrika, Msumbiji ikiwemo, hadi mwisho wa Desemba, wakati kirusi hicho kilikwishaonekana Ulaya. Aliyetoa taarifa kwa uaminifu ndiye aliyeadhibiwa pamoja na majirani zake, na adhabu hiyo huwafundisha wengine kunyamaza.

Kwenye mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, hesabu ni ya karibu zaidi. Kwa upande wa Mtwara njia rasmi ni Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, na kivuko cha Kilambo. Ndugu wako pande zote mbili, na mtumbwi hauulizi kadi. Sharti likidai cheti kinachopatikana mjini tu, mwenye msiba ng'ambo atapita kwenye mtumbwi, na afisa wa afya atakosa hata jina na namba ya simu ya kumtafuta mgonjwa akijitokeza. Chanjo inayodaiwa mpakani ipatikane mpakani, na masharti yabandikwe kwa Kiswahili na Kireno yakiwa na tarehe ya kutangazwa. Tarehe hiyo ina kazi: kifungu kile cha 40 kinasema chanjo inayodaiwa ukifika, ikiwa ilitangazwa chini ya siku 10 kabla, itolewe bure.