Tulilipa Mikumi, Tukakataa Mikoko

Miezi miwili iliyopita mwalimu wa darasa la pili katika shule anayosoma binti yangu alituandikia wazazi barua fupi, yenye adabu, akiomba ridhaa ya kuwapeleka watoto kwa miguu hadi kwenye mikoko iliyo mwendo wa dakika kumi na tano kutoka lango la shule. Wangeondoka saa tatu na nusu asubuhi, wangekaa huko muda wa saa mbili, na wangerejea kabla ya chakula cha mchana. Gharama: hakuna. Mahitaji: kofia, chupa ya maji na yeboyebo za zamani. Nilisaini siku hiyo hiyo.

Kufikia jioni kundi la wasapu la wazazi lilikuwa limekwisha kumhukumu. Mzazi mmoja aliuliza iwapo ada tunayolipa ni ya kumpeleka mtoto kuchezea tope. Mwingine alikumbusha kwamba soksi nyeupe hazitatakata tena. Wa tatu, ambaye baraza ya nyumba yake inatazamana na bahari hiyo hiyo, alitaka aelezwe huko kwenye mikoko kuna nini cha kuona. Safari ikafutwa. Wiki tatu baadaye wazazi hao hao, nami nikiwemo kwa aibu yangu, tulilipa shilingi 95,000 kwa kila mtoto ili wapelekwe Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kurudishwa siku hiyo hiyo.

Basi lilitoka saa tisa usiku. Watoto wa miaka saba walisafiri takriban kilomita 300 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, wakakaa hifadhini saa chache, nazo zote wakiwa ndani ya basi, kwa sababu kanuni za hifadhi zinakataza watu kushuka ovyo garini, na kwa kweli ni kanuni njema. Binti yangu alirejea saa nne usiku akiwa amebebwa. Asubuhi nilipomuuliza ameona nini, alianza na katuni mbili zilizoonyeshwa kwenye televisheni ya basi, akaendelea na rafiki yake aliyetapika Chalinze, kisha ndipo akamkumbuka twiga. "Alikuwa hivi," akasema, akinionyesha ukucha wa kidole chake gumba.

Sina ugomvi na Mikumi. Nakubali pia, ingawa si kwa furaha, kwamba ni fedheha mtoto wa Kitanzania kumaliza shule akiwa amemwona tembo kwenye noti ya benki tu, ilhali wageni wanavuka bahari kuja kumtazama. Basi wapelekwe wakiwa darasa la sita, walale huko usiku mmoja, wawe na mtu wa kuwaeleza wanachokitazama. Ninachokataa ni kumwita mtoto wa darasa la pili mwanafunzi wa mazingira kwa kuwa amefungiwa nyuma ya kioo mchana kutwa. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kushika, kunusa, kuonja, kuchokoa kwa kijiti na kuuliza swali lile lile mara sita, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo anachoruhusiwa kumfanyia nyati.

Kwa yule mzazi mwenye baraza, jibu langu ni hili. Huko kwenye mikoko kuna mchu, mti ambao mizizi yake hutokeza juu ya tope kama penseli zilizochomekwa na mtu mwenye subira nyingi, ikitafuta hewa ambayo ndani ya tope haipatikani. Mti huo hutoa chumvi kwenye majani yake, na mtoto akilamba jani moja ataielewa habari ya mmea unaoishi katika maji ya chumvi kabla mwalimu hajafungua kinywa. Kuna mkoko wenyewe, ambao mbegu yake huota ingali inaning'inia mtini, ikawa kijiti kirefu cha kijani ambacho huanguka wakati wake na pengine kujipanda palepale kwenye tope. Kuna kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, nalo hulipunga kana kwamba linasimamisha daladala. Kuna samaki wanaotoka majini kwa hiari yao na kurukaruka juu ya tope. Mtoto akiinama hapo kwa nusu saa bila kuharakishwa, maswali atakayorudi nayo yatamshinda baba yake, na nadhani hilo ndilo tunaloliogopa zaidi kuliko soksi.

Tena watoto hawa watakapofika madarasa ya juu watakaririshwa kwamba "ndio kwanza mkoko unaalika maua," wataandika maana na matumizi yake, watapata alama zote, na hakuna atakayekuwa amewahi kuliona ua lenyewe.

Nilisoma shule ya msingi Tanga miaka ya themanini, katika shule ya serikali ambayo madirisha yake hayakuwa na vioo. Mwalimu wetu wa sayansi alitupeleka pwani mara tatu katika muhula mmoja, kila mara saa ile ile ya asubuhi, na kifaa pekee alichobeba kilikuwa mzigo wa vijiti. Siku ya kwanza tulichomeka kijiti kimoja ukingoni mwa maji kila tuliposikia kengele ya shule kwa mbali, tukapima kwa hatua jinsi bahari ilivyokuwa ikirudi nyuma. Juma lililofuata tulikwenda saa ile ile tukakuta vijiti vyetu vimefunikwa na maji, nasi tukaamini kwamba mwalimu amekosea siku, jambo lililotufurahisha kupita kiasi. Juma la tatu bahari ilikuwa imekupwa tena. Hakutueleza chochote. Alituagiza tu tutazame mwezi kila usiku na kuuchora, na yapata siku ya kumi mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, akasimama darasani na kutueleza habari ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo, kama alivyoisikia nyumbani kwao. Nimesahau karibu kila kitu nilichofundishwa mwaka ule. Vijiti vile sijavisahau.

Kilichotufundisha ni kurudi. Ziara ya mara moja, hata iwe ya gharama kiasi gani, humwonyesha mtoto picha moja, naye hana njia ya kujua ni nini hubadilika na ni nini hubaki. Katika pwani hii maji ya bamvua, yanayokuja mara mbili kwa mwezi siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao watoto wako shuleni, wamekwisha kunywa uji na jua halijawa kali. Kila baada ya majuma mawili bahari inajifungua kwa saa za masomo, bila kiingilio, na sisi tunakodi basi la saa tisa usiku.

Wasio na bahari wana vyao. Watoto wa Gongo la Mboto wana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi karibu yao, wa Moshi wana msitu wa Rau, wa Morogoro wana miteremko ya Uluguru. Pasipo na vyote hivyo, nina hakika kuna mwembe.

Suala la usalama silipuuzi. Tope lina magome ya chaza yanayokata, maji hurudi kwa kasi kuliko mtu anavyodhani, na mwalimu mmoja hawezi kuwachunga watoto arobaini ufukweni, sembuse mia moja na ishirini waliosongamana katika madarasa ya baadhi ya shule za serikali. Kwa hiyo darasa ligawanywe, wazazi wanaopata nafasi wafuatane nao, mtu mzima mmoja achunge watoto wanane, serikali ya mtaa ipewe taarifa, na wote wawe wamegeuka kurudi kabla maji hayajaanza kujaa. Ni kazi, sikatai. Lakini sikumsikia mzazi hata mmoja akihoji usalama wa watoto wadogo kukaa barabara kuu ya Morogoro usiku wa manane.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu mwenyewe. Alilamba jani la mchu, akatema, akalamba jingine ili ahakikishe. Aliokota kijiti cha mkoko, akakichomeka kwenye tope, akakifungia uzi mwekundu wa nywele zake, na tangu siku hiyo ameniuliza mara tatu bamvua nyingine ni lini. Nimemjibu ni wiki ijayo, Alhamisi na Ijumaa. Nimemwandikia na mwalimu wake, ambaye bado anayo barua ile; inahitaji kubadilishwa tarehe tu.