Chipsi Zipi, Shemeji?

Jamani, mwenye dada Uingereza na shemeji Marekani anisaidie: wakija likizo kwa mpigo, nyie kwenu mnakula nini? Maana hapa kwangu Tabata wanaojua Kiingereza ni wao, ila anayetumwa dukani ni mimi.

Shemeji wa Houston kakaa mbele ya mpira, kaomba chipsi. Nikamletea sahani, za moto, kachumbari pembeni, pilipili juu. Akazitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Kumbe anataka zile kavu za kwenye pakiti, krispi! Hizi za kukaanga eti kwao ni za Kifaransa. Za Kifaransa wapi, wakati viazi vimetoka Njombe na mkaangaji ni Mpare wa hapo kona? Mimi mla chipsi mayai tangu utoto leo nifundishwe chipsi?

Dada naye, wa Leicester, chai haishuki bila biskuti ya kuchovya. Shemeji akadakia: hizo ni kuki. Biskuti ya kwao ni kimkate laini kisicho na sukari, na huko kusini mwa Marekani wanakimwagia mchuzi mzito mweupe wenye vipande vya soseji. Asubuhi hiyo! Halafu wakahamia kwenye jeli. Ya dada inatikisika kwenye bakuli, ya shemeji inapakwa kwenye mkate. Wanangu wakakaa na mikate mikavu mkononi wakingoja wakubwa wapatane.

Sisi tumeponzwa na historia. Mwingereza kaondoka Tanganyika 1961 katuachia biskuti, krispi na jamu, tukatulia. Sasa watoto wanafundishwa upya na filamu za Marekani.

Hata gengeni hakuna amani. Kotmiri, kwa dada, majani na mbegu ni jina moja. Kwa shemeji mbegu zimebaki na jina la Mwingereza, majani yakapewa jina la Kihispania. Na biringanya analiita mmea wa mayai! Mama wa genge akaniuliza kwa upole kama mgeni wangu amelala vizuri.

Lakini ugomvi wenyewe una mizizi. Dada alipofika Uingereza mara ya kwanza alitamani ugali, akampigia shemeji simu: huko ughaibuni unga wa sembe unaitwaje? Shemeji, mjuaji, akamwambia kanunue konflawa. Kweli, Marekani hilo ni jina la unga wa mahindi. Uingereza jina hilohilo ni la wanga mweupe wa kuzidishia mchuzi uzito. Dada wa watu kabandika maji, yamechemka, kamimina, kashika mwiko. Kitu kikaanza kung'aa. Akaongeza unga, kikazidi kung'aa. Akiinua mwiko, kinafuata. Na mchicha ulishaiva, unapoa pembeni! Tangu siku hiyo shemeji hana jina kwa dada ila Gundi. "Gundi, pitisha chumvi." Mbele ya wakwe!

Shemeji akaona alipe kisasi kupitia vipai ambavyo dada alitupikia Krismasi. Dada alisema ndani kuna minsimiti, na kwa masikio yetu hiyo ni nyama ya kusaga. Mjomba, ambaye bila nyama hajala, akatoa kofia akakaa mkao wa kula. Kakimega: zabibu kavu, tufaha, mdalasini. Kakimega cha pili kutafuta nyama. Wapi!

"Mjomba, hao ndio Waingereza," shemeji akasema. "Pai ya nyama haina nyama, halafu pudingi nyeusi inapikwa kwa damu ya nguruwe."

Mjomba ni haji. Aliweka kipai chini taratibu, akaomba maji ya kunywa, akauliza kwanza yanaitwaje.