Moko ya mkoa isahihishwe kwa kompyuta, ila karatasi imrudie mtoto

Mwaka juzi nilinunua karanga za kukaanga Ngamiani, barabara ya 12. Nilipomaliza kuzila nikaikunjua karatasi. Bailojia. Moyo wa binadamu umechorwa kwa penseli, safi kabisa, na pembeni wino mwekundu: 4½. Mwalimu alikuwa amemuuliza mtoto vali ziko wapi. Mtoto hakuliona swali lile. Nililiona mimi, mla karanga.

Ndiyo maana walimu wenzangu wanapobishana kama moko, yaani mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, hapa Tanga usahihishwe kwa kompyuta, mimi nasema ndiyo, ila kwa sababu yangu. Wao wanataka matokeo yatoke upesi. Mimi nataka karatasi irudi. Mtihani wa taifa wa Novemba, ukishakusanya karatasi yako ndiyo mmeagana. Moko ndiyo nafasi ya mwisho ya mtoto kuona alipoteleza, nasi tunampa maksi tupu.

Skripti, yaani karatasi za majibu, hutoka Lushoto, Kilindi, Pangani, zikarundikwa kituo cha kusahihishia. Tunapangwa kwa paneli, kila mtu na swali lake. Unashinda na swali la 7 tangu asubuhi mpaka kidole gumba kinakuwa chekundu. Kisha mwingine anajumlisha, na balaa liko hapo: saa kumi na moja jioni, macho mazito, 9 na 8 zinakuwa 16. Nimeshuhudia. Kazi ikiisha maksi zinakwenda shuleni, marobota yanabaki stoo, na baadaye ndiyo hizo karanga.

Baraza la Mitihani la Karibiani, lenye makao yake Barbados, zamani lilikusanya walimu wa visiwa mbalimbali kusahihisha pamoja. Siku hizi majibu hupigwa skani, mwalimu akayasoma kwenye kompyuta. Katika usahihishaji wa namna hii, huchomekwa kimyakimya skripti ambazo kiongozi ameshazitolea maksi. Ukitofautiana naye sana, unasimamishwa kwanza. Jumla inapigwa na mashine. Wale wenzetu wenye mkono mzito, na wale wa huruma, wote wangejulikana kabla ya chai ya saa nne.

Lakini mtoto aachiwe kalamu yake. Umeme ukikatika mimi nikisahihisha, nitasubiri. Ukikatika yeye yuko katikati ya insha, nani atamrudishia dakika zake? Na skani iwe ya maana: michoro huchorwa kwa penseli, na skani hafifu itaumeza moyo wote ule. Msiniambie darasa la saba wanajibu kwa penseli na mashine inasoma tangu 2012. Kusiliba kiduara ni kitu kimoja, kuchora vali ni kingine.

Faili la skani la kila shule litumwe kwa mkuu wa shule, michoro na wino mwekundu vyote vikiwemo, mwalimu wa somo akae na watoto wake wiki hiyohiyo.

Juzi niliyasema haya chumba cha walimu, wakanisikiliza vizuri tu. Mpaka mmoja akauliza: kama kila mtu atasahihishia shuleni kwake, posho ya kulala kituoni itakuwaje? Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba ana kipindi.